Kwa nini mashabiki huwaka hasira historia ya mashujaa wa katuni inapoanzishwa upya

Agosti 31, 2011, kampuni ya DC Comics, wachapishaji wa Superman na Batman, ilitoa matoleo mawili kwa siku moja. Flashpoint namba 5 lilifunga historia ya zamani ya mashujaa wake. Justice League namba 1, la kikosi cha mashujaa wake wakuu, likafungua mpya. Kufikia mwisho wa mwezi uliofuata mifululizo 52 ilikuwa imeanza kwa namba 1. Action Comics, iliyozaliwa 1938 na kufika namba 904, ilirudishwa mwanzo. Detective Comics ilikuwa imefika 881, nayo ikarudi mwanzo. Justice League namba 1 liliuza zaidi ya nakala 200,000, kiasi kikubwa mno kwa soko la katuni la Marekani la miaka ile. Papo hapo wasomaji wa siku nyingi wakashika kalamu na kuanza kuhesabu umri wa Robin, msaidizi kijana wa Batman. Hesabu ikakataa.

Husemwa sana kwamba mashabiki wa katuni hawapendi mabadiliko. Si kweli, na ushahidi upo tangu 1956. Mwaka huo DC ilimleta Flash mpya, Barry Allen, katika Showcase namba 4. Hakuwa Flash wa 1940, Jay Garrick: jina lingine, vazi lingine, chanzo kingine cha mbio zake. Wasomaji walimpokea kwa mikono miwili. Mwaka 1961, katika The Flash namba 123, mwandishi Gardner Fox na mchoraji Carmine Infantino waliwakutanisha wawili hao kwa maelezo kwamba Jay anaishi katika dunia nyingine iliyo sambamba na hii. Hapo ndipo zilipoanzia Dunia ya Kwanza na Dunia ya Pili. Kila kitu kilikuwa kimebadilika, ila hakuna msomaji aliyeambiwa kwamba alichokisoma hakikutokea.

Kinachowachoma mashabiki ni tangazo hilo: kwamba yaliyosomwa na kulipiwa hayakuwahi kuwapo. Na huwachoma zaidi linapotekelezwa nusunusu, yaani historia imefutwa lakini vipande vyake bado vinatumika pale vinapoleta fedha.

Kulielewa hilo ni lazima kujua mwendelezo, yaani mfuatano wa matukio ya hadithi zote, unatunzwa na nani. Mwandishi huja na kuondoka, mhariri huhamishwa, na mchapishaji hana muda wa kukumbuka mambo ya miaka 20 iliyopita. Anayekumbuka ni msomaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mhariri Julius Schwartz wa DC alianza kuchapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili, wakaanza kuandikiana wao kwa wao. Jerry Bails, mhadhiri wa Detroit, na kijana Roy Thomas wakaanzisha Alter-Ego mwaka 1961, jarida la mashabiki lililojaa kumbukumbu za mashujaa wa miaka ya 1940. Kwa upande wa Marvel, kampuni shindani, mhariri Stan Lee aliigeuza kazi hiyo kuwa mchezo wenye tuzo: msomaji aliyegundua kosa la mwendelezo na kulitafutia maelezo yanayoingia akilini alitumiwa bahasha tupu iliyoandikwa kwamba ndani yake mna tuzo. Watu waliipigania bahasha hiyo. Kuunganisha matukio, kuyapatanisha na kuyapanga kwa miaka ni sehemu ya raha ya kusoma, na ni jasho halisi. Mchapishaji akifuta historia, hulifuta na jasho hilo.

Sasa, kuna njia zaidi ya moja ya kuigusa historia, na kila moja huleta hasira yake.

Njia laini ni ya Marvel, ya kusogeza kalenda. Fantastic Four walianza 1961, lakini hawajazeeka, kwa hiyo matukio yote hubanwa ndani ya miaka michache iliyopita, na mwanzo wake husogea mbele kila mwaka. Iron Man alijeruhiwa Vietnam katika hadithi ya 1963. Baadaye ikawa Afghanistan. Mwaka 2019 Marvel ikabuni vita vya Siancong, nchi isiyokuwapo kwenye ramani yoyote, ili isilazimike kubadilisha tena. Kelele huwa chache, kwa kuwa tukio linabaki na tarehe pekee ndiyo inayohama. Hasara yake ni ya kimyakimya. Mtazame Ororo, yaani Storm wa kikosi cha X-Men. Mwaka 1975 Profesa Xavier, kiongozi wa kikosi hicho, alimkuta Kenya, ambako watu walimwabudu kama mungu wa mvua. Mama yake ni Mkenya wa ukoo wa kifalme, baba yake mpigapicha Mmarekani. Katika X-Men namba 102, ya 1976, tunaelezwa kwamba wazazi wake walikufa Cairo wakati wa vita vya Suez vya 1956, ndege ilipoanguka juu ya nyumba yao, naye akafukiwa kwenye kifusi. Ndiyo asili ya woga wake wa sehemu finyu. Kalenda inaposogea, Suez haiwezi kubaki. Inabaki ndege tu, imeanguka katika vita visivyo na jina. Mhusika aliyefungamana na historia ya kweli ya bara hili anageuka yatima wa ajali. Magneto, mpinzani wa X-Men aliyenusurika maangamizi ya Wayahudi, hawezi kusogezwa namna hiyo. Kinachomwokoa ni hadithi ya 1974 iliyomgeuza mtoto mchanga, kabla ya nyingine kumrudishia mwili wa mtu mzima mwenye nguvu. Ni ufumbuzi wa ajabu, lakini umelinda jambo lisilofaa kuguswa, na mashabiki wameukubali.

Njia kali ni ya DC. Kufikia miaka ya 1980 dunia sambamba zilikuwa nyingi, na wakubwa wa kampuni waliona zinawatisha wasomaji wapya. Marv Wolfman na George Pérez wakapewa Crisis on Infinite Earths, matoleo 12, 1985 hadi 1986. Dunia zote zikaunganishwa kuwa moja. Supergirl alikufa katika namba 7, Barry Allen katika namba 8. Wengi waliililia kazi hiyo, na bado wanaiheshimu kama hadithi. Tatizo lilikuja baada yake.

Wolfman alitaka mifululizo yote ianze upya kwa pamoja, namba 1, bila mtu yeyote kukumbuka ya nyuma. Haikufanyika hivyo. Superman alianza upya 1986 chini ya John Byrne. Wonder Woman akasubiri hadi 1987. Batman akabadilishwa kidogokidogo. Hawkman akabaki alivyo. Kila ofisi ya uhariri ilikuwa na saa yake, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Hawkman ndiye mfano ambao kila shabiki wa zamani huutaja, na unafaa kufuatwa hatua kwa hatua.

Baada ya Crisis, Hawkman aliyezoeleka, Katar Hol wa sayari ya Thanagar, aliendelea kuonekana. Alikuwa na mfululizo wake, akaonekana pia na Justice League. Kwa mantiki ya kawaida, basi, Crisis haikumgusa. Mwaka 1989 Timothy Truman akatoa Hawkworld, vitabu vitatu kuhusu ujana wa Katar huko Thanagar. Ilikuwa kazi nzuri sana, nayo ilisomeka kama hadithi ya zamani. Iliponunuliwa kwa wingi, DC ikaamua kuufanya mfululizo wa kila mwezi kuanzia 1990, lakini ikauweka wakati wa sasa: Katar na mwenzake Shayera ndiyo kwanza wanafika duniani. Swali likazuka lenyewe. Yule Hawkman aliyekuwa Justice League miaka yote, na aliyeonekana mwaka jana tu, alikuwa nani?

Jibu la kwanza lilikuwa Carter Hall, Hawkman wa miaka ya 1940, kwamba ndiye aliyejiunga na kikosi siku za mwanzo. Lakini kwa hadithi za baadaye Carter hakuwapo; mwaka 1986 yeye na wenzake walikuwa wamepelekwa kupigana vita visivyokwisha nje ya dunia. Akabuniwa Fel Andar, jasusi wa Thanagar aliyejifanya mwana wa Carter. Kila jibu lilizaa maswali mawili. Mwaka 1994, katika Zero Hour, hadithi nyingine ya kurekebisha historia, ofisi ikaamua kuwachanganya Hawkman wote kuwa mtu mmoja, na mambo yakazidi kuharibika, hadi ikafika mahali jina lenyewe likawa halishikiki. Alirudishwa kwa heshima 2001 tu, katika mfululizo wa JSA, kwa maelezo kwamba ni roho moja inayozaliwa tena na tena. Miaka 12 ya vurugu, na chanzo chake ni kuchelewa kuanza upya kwa miaka mitatu. Kama Hawkworld ingetoka mwezi mmoja na Superman wa Byrne, kusingekuwa na la kujadili.

Legion of Super-Heroes iliumia kwa namna hiyohiyo. Kikosi hicho cha karne ya 30 kiliundwa kwa kumuenzi Superboy, yaani Superman akiwa kijana. Byrne akaamua Superman hakuwahi kuwa Superboy. Mwaka 1987 ikabidi ibuniwe dunia ndogo ya siri ya kumhifadhi Superboy, kisha auawe. Legion imeanzishwa upya mara kadhaa tangu hapo. Na Roy Thomas, kijana yule wa Alter-Ego, wakati huo alikuwa ndiye mwandishi wa All-Star Squadron, hadithi za Dunia ya Pili wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Crisis ilimnyang'anya Superman, Batman na Wonder Woman wa dunia hiyo. Akalazimika kubuni wahusika wengine wa kuziba mapengo katika Young All-Stars, 1987. Shabiki aliyetumia ujana wake kuitunza historia ndiye aliyepewa kazi ya kuifukia.

Hasira ya wasomaji haina budi kupimwa kwa makini, kwa kuwa si kila kelele ina uzito sawa. Jason Todd, Robin wa pili, kabla ya Crisis alikuwa mwanasarakasi yatima, karibu nakala ya Dick Grayson. Mwaka 1987 akapewa mwanzo mpya: mtoto wa mtaani aliyekutwa akiiba magurudumu ya gari la Batman, mkali na mkaidi. Mwaka 1988 DC ilifungua namba mbili za simu za kulipia wasomaji waamue afe au aishi. Kura 5,343 zilisema afe, 5,271 aishi. Tofauti ni 72. Mara nyingi kura hiyo hutajwa kama uthibitisho kwamba wasomaji walimchukia Jason. Simu 10,614 zilizogawanyika karibu nusu kwa nusu, huku mtu mmoja akiweza kupiga mara nyingi kadiri ya fedha zake, hazithibitishi chuki ya umma. Zinaonyesha umma uliogawanyika.

Turudi 2011, kwenye hesabu ya Robin. Katika historia mpya, mashujaa walikuwa wamejulikana hadharani kwa takriban miaka mitano tu. Batman na Green Lantern walikuwa wakiuza vizuri, kwa hiyo hadithi zao hazikukatizwa. Maana yake Batman alibaki na Robin wanne: Dick, Jason, Tim na Damian. Miezi 60 ikigawanywa kwa wanne ni miezi 15 kila mmoja, na ndani ya miezi hiyo Dick akue hadi ajitegemee, Jason afe na kufufuka, na Damian, mwana wa Batman mwenyewe, awe na umri wa miaka 10. Waliongezewa miaka michache ya Batman kufanya kazi gizani, na Damian ana maelezo yake ya kukuzwa haraka. Tim alitolewa sadaka: Teen Titans namba 0, ya 2012, ikasema hakuwahi kuitwa Robin, alianza moja kwa moja kama Red Robin. Msomaji aliyemfuata Tim tangu 1989 alipewa sentensi moja ya kufuta zaidi ya miaka 20, ili tu hesabu ya watu wengine ikae sawa.

Barbara Gordon, Batgirl wa zamani, aliwagawa watu kwa undani zaidi. Mwaka 1988 Joker alimpiga risasi, akapooza miguu. Mwaka 1989 John Ostrander na Kim Yale, katika Suicide Squad namba 23, wakamrudisha kwa jina la Oracle, mtaalamu wa kompyuta na habari anayeongoza mashujaa wengine akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa mmoja wa mashujaa wachache wenye ulemavu walioandikwa kwa heshima kamili. Mwaka 2011 akawa Batgirl tena, anaruka juu ya mapaa. Kupigwa risasi kulibaki kwenye historia, miaka mitatu nyuma, lakini alipona kwa matibabu katika kliniki moja huko Afrika Kusini. Gail Simone, aliyekuwa amemwandika Oracle kwa miaka, ndiye aliyeuandika mfululizo mpya, na aliuandika kwa uangalifu. Hata hivyo hoja ya wasomaji wenye ulemavu ilikuwa nzito kuliko zote za mwaka ule: tukio la maumivu limehifadhiwa, mafanikio yaliyofuata yamefutwa. Sijaona jibu la kuridhisha.

Kulikuwa na faida pia, na ni haki itajwe. Kati ya mifululizo 52 ulikuwapo Batwing, wa David Zavimbe, polisi aliyewahi kuwa askari mtoto, anayelinda mji wa kubuni wa Tinasha katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Judd Winick aliandika, Ben Oliver akachora. Shujaa wa Kongo kuwa na jina lake juu ya jalada la DC kila mwezi si jambo dogo. Mwaka 2013, kuanzia namba 19, alivuliwa vazi akapewa Luke Fox, Mmarekani. Makelele yalikuwa madogo, kwa sababu Zavimbe hakuwa na miaka 20 ya wasomaji nyuma yake. Hapo unaona kwamba ukubwa wa hasira hupima umri wa kumbukumbu, si ukubwa wa hasara.

Kwa nini kampuni hurudia jambo lenye madhara haya? Mfumo wa mauzo unaeleza mengi. Maduka ya katuni Marekani huagiza nakala miezi kadhaa mapema, na kwa kawaida zisiponunuliwa hazirudishwi. Takwimu inayotangazwa ni ya nakala zilizoagizwa na maduka, haimaanishi zimesomwa. Namba 1 huagizwa kwa wingi, na majalada mbadala huongeza idadi. Kuanzia namba 2 maagizo hushuka, na kufikia ya tano au ya sita duka linajua wateja wake halisi ni wangapi. Ndiyo maana Januari 2012 DC ilitangaza kufuta mifululizo sita kwa mpigo, ikiwamo Static Shock na Mister Terrific, yote ikaishia namba 8. Kuanza upya huleta fedha za haraka. Hakuponyi mfululizo usio na wasomaji.

Marvel nayo ina jeraha lake. Peter Parker na Mary Jane walifunga ndoa 1987. Mwaka 2007 uongozi, ukiamini ndoa inamzeesha Spider-Man, uliifuta kupitia One More Day: Shangazi May yuko mahututi kwa risasi, na Mephisto, shetani wa Marvel, anajitolea kumwokoa kwa bei ya ndoa yao. Wanakubali. Mwandishi J. Michael Straczynski alitofautiana waziwazi na mhariri mkuu Joe Quesada kuhusu mwisho huo. Kosa liko kwenye namna. Ndoa ingeweza kuvunjika kwa talaka, kwa ugomvi, kwa mambo ya kawaida ya watu. Kumfanya shujaa ambaye somo lake zima ni kubeba wajibu akubali mapatano na shetani kulimgeuza yeye mwenyewe, si hali yake ya ndoa tu. Ndiyo maana mjadala haujafa hadi leo.

DC ilijaribu kutibu Mei 25, 2016, kwa DC Universe Rebirth namba 1, kurasa 80 kwa dola 2.99. Wally West, Flash wa tatu, ambaye hakuonekana tangu 2011, anahangaika kurudi duniani, akimtafuta mtu hata mmoja anayemkumbuka. Mkewe hamjui. Mwishoni Barry anamtambua na kumvuta ndani. Wally anaeleza kuwa kuna mtu aliyewaibia miaka kumi. Lalamiko la wasomaji liliwekwa kinywani mwa mhusika, na wengi waliona wamesikilizwa. Ikumbukwe kwamba 2014 DC ilishamleta Wally mwingine, kijana mweusi, na si hasira yote aliyokutana nayo ilihusu mwendelezo. Ilikuwamo ya ubaguzi wa rangi tupu. Rebirth iliwaacha wote wawili kama binamu walioitwa kwa jina la babu mmoja, uamuzi mzuri. Action Comics na Detective Comics zikarudia namba zao, 957 na 934.

Dawa ambayo imefanya kazi mara nyingi zaidi ni ileile ya 1961: weka mpya pembeni ya zamani. Marvel ilifanya hivyo kwa mfululizo wa Ultimate mwaka 2000. Januari 2024, ndani ya Ultimate mpya, ikaanzisha mfululizo wa Spider-Man mwenye mke, Mary Jane, na watoto wawili, Jonathan Hickman akiandika na Marco Checchetto akichora. Toleo la kwanza lilichapwa tena na tena. Oktoba mwaka huohuo DC ikaleta Absolute Batman wa Scott Snyder na Nick Dragotta, Bruce Wayne asiye na utajiri, na Batman wa kawaida akaendelea kutoka kila mwezi kama kawaida. Waliokasirika walikuwa wachache, na sababu ni nyepesi: asiyempenda hakunyang'anywa chochote.

Tangazo la kuanza upya likitoka tena, usianze na hadithi, anza na ratiba. Angalia kama mifululizo yote inaanza mwezi mmoja. Tafuta inayoachwa iendelee. Hapo ndipo hesabu zitakapokataa kwanza. Angalia kama kuna wahusika wanaokumbuka dunia ya zamani, maana wakikumbuka, ya zamani yatarudi. Andika majina ambayo hayajaonekana kufikia toleo la tatu. Kama fedha ni ya kubana, acha matoleo ya mmojammoja, subiri kitabu cha mkusanyo, ambacho kwa kawaida hubeba matoleo matano hadi saba. Wakati huo mfululizo utakaofutwa utakuwa umeshajulikana. Na kama una nakala za zamani, usiziuze kwa hasira: Action Comics iliyofungwa kwa 904 ilifika namba 1000 Aprili 2018.